Virusi vya Dada Yangu

Daktari alitueleza habari za virusi tukiwa tumeketi kwenye benchi moja, mimi na dada yangu, kabla ya upasuaji. Dada alikuwa amekubali kunipa figo yake moja. Zangu zote mbili zilikuwa zimekufa, na kwa muda mrefu nilikuwa nikitoka Kambu kwenda kusafishwa damu kwa mashine, nikirudi nyumbani nimelegea kama tyubu iliyotoka upepo. Mimi ni fundi wa panja kando ya barabara kuu ya Mombasa, kwa hiyo najua tyubu.

Daktari alikuwa mwanamke wa sauti ya chini. Alisema vipimo vyote ni vizuri, ila kuna jambo moja dogo. Dada alikuwa na virusi fulani vilivyolala mwilini mwake. Mimi sikuwa navyo.

"Virusi gani?" dada akauliza.

Daktari akataja jina refu, akaziona nyuso zetu, akaliacha. Alisema ni vya kawaida sana, watu wazima wengi wanavyo na hawajui. Mtu huvipata utotoni kwa mate au mkojo wa watoto wenzake, anaugua kidogo kama mafua au haugui kabisa, kisha vinalala humo maisha yake yote bila kumsumbua. "Na si vile mnavyofikiria," akaongeza. "Vile tulivipima. Hamnavyo, wote wawili."

Dada yangu ni mkulima wa Mbooni na shemasi wa kanisa. Hajawahi kuonja hata pombe ya kienyeji ya harusini. Aliwahi kuirudisha kwaya nzima nyumbani kwa sababu ya urefu wa sketi. Alinitazama mimi, mtu niliyeishi miaka yote katikati ya madereva wa trela, halafu akamtazama daktari.

"Kwa hivyo huyu wa Kambu ndiye msafi," akasema, "na mimi wa Mbooni ndiye niko na virusi."

"Si mambo ya usafi, mama."

"Sawa. Nimesikia."

Hakuwa amesikia. Tulipotoka nje aliniambia nisiwahi kulitaja jambo hilo mbele ya mtu. Nikamuuliza kama amebadilisha nia kuhusu figo. Akasema figo ni yangu, alishaniahidi mbele ya Mungu, lakini habari za virusi ni zake, na hizo hajanipa.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Figo ya dada ilianza kazi siku ileile, na mimi, ambaye nilikuwa nimesahau kukojoa, nililia machozi nikiutazama ule mfuko wa mkojo ukijaa. Nilipopata nguvu ya kukaa, daktari akaja kunieleza dawa. Kulikuwa na za kuutuliza mwili wangu ili usiione figo kama adui ukaishambulia. Hizo nitazimeza maisha yangu yote. Ubaya wake ni kwamba mwili uliotulizwa hautulii kwa figo peke yake; unatulia kwa kila kitu, hata kwa vile virusi vya dada, ambavyo vimekuja vimelala ndani ya figo na vikiamka vitakuta nyumba haina mlinzi. Kwa hiyo kulikuwa na dawa nyingine, vidonge vikubwa vya rangi ya waridi, vya kuzuia virusi visiamke. Hivyo nitavimeza kwa miezi sita baada ya chakula, bila kuvunja wala kutafuna, na damu itapimwa mara kwa mara kwa sababu navyo vina ukali wake.

"Na ujiepushe na watu," akasema. "Vaa barakoa. Usisalimiane kwa mikono. Usikae kwenye umati."

Nilimwambia naishi Kambu, kando ya barabara kuu, na wateja wangu ni watu wanaotoka nchi tatu. Akasema basi nikae mbali nao kiasi ninachoweza.

Nilirudi nyumbani, nikakaa kwenye kiti nje ya banda langu nikiwa na barakoa, nikimwelekeza msaidizi wangu kazi kwa kidole. Kukaa mbali na watu kulinishinda tangu siku ya kwanza. Kila dereva aliyepita alishuka kunishika mkono. Mama wa kuuza matikiti alinikumbatia. Watu wa kanisa walikuja kundi zima, wakaniwekea mikono kichwani, na mmoja wao alikuwa na mafua. Nikisema daktari amekataza, walisema Mungu ndiye daktari, wakaendelea kunishika.

Kisha siku moja dereva mmoja, rafiki yangu wa zamani, alinikuta nimemaliza kula muthokoi na natoa kile kidonge cha waridi. Akauliza ni cha nini. Nikamjibu kwa uaminifu kwamba ni dawa ya kuzuia virusi.

Akasema, "Pole sana, ndugu yangu," akarudi kwenye trela yake bila kunipa mkono.

Kufikia kesho yake Kambu yote ilijua. Tangu hapo hakuna aliyenikaribia. Watu walinisalimu kutoka ng'ambo ya barabara. Mama wa matikiti aliniwekea tikiti langu juu ya jiwe, akaondoka, nikaenda kulichukua. Kanisani walinipangia kiti changu peke yangu karibu na mlango, penye hewa. Nilipokwenda kliniki daktari akauliza ninaendeleaje na lile suala la watu, nikamwambia limekwisha kabisa. Akanisifu. Alisema wagonjwa wengi hawawezi.

Mke wangu hakuona cha kusifu. Yeye habari ilimfikia kisimani, ambako mwanamke mmoja alimpa pole na mwingine akamuuliza kama amekwenda kupimwa. Alirudi na mtungi mtupu.

"Umewaambia nini watu?" akaniuliza.

"Ukweli."

"Ukweli gani? Kwamba uko na virusi?"

"Kwamba nakunywa dawa ya kuzuia virusi."

"Hapa Kambu," akasema polepole, kama mtu anayemfunza mtoto, "kando ya barabara ya malori, unasema unakunywa dawa ya virusi. Na mimi umeniweka wapi kwa hiyo hadithi yako?"

Nikamwambia nitawaeleza watu vizuri kwamba ni virusi vingine. Nilijaribu. Nilimweleza mwenye duka, nikamweleza mchungaji. Nilisema ni virusi vya kawaida, vilivyotoka kwa dada yangu, vikapita kwenye figo. Mwenye duka alisema, "Hata vikitoka wapi, mzee, muhimu ni kumeza dawa." Mchungaji alinishika bega kwa ncha za vidole, akasema dada yangu asilaumiwe.

Halafu watu wa kikundi fulani wakaja.

Kilikuwa kikundi cha wanaoishi na virusi vya UKIMWI, watu kumi hivi, wakiongozwa na mwenyekiti wao, mama mnene mwenye kicheko, ambaye alinunua mbuzi Ikutha na kuwauza kwa wenye hoteli za nyama hapa barabarani. Walikuja mchana, wazi, wakiwa na sukari na mkungu wa ndizi. Mke wangu alipowaona aliingia ndani akafunga mlango. Mwenyekiti hakuonyesha kuudhika. Alisema wote huanza hivyo.

"Tumekuja kukukaribisha," akaniambia. "Usijifiche. Sisi tumekaa na hii kitu miaka, na unatuona tulivyo."

Nikawashukuru, nikawaeleza kila kitu tangu mwanzo, mashine, figo, dada, virusi vilivyolala. Walinisikiliza kwa upole mkubwa. Nilipomaliza, mzee mmoja akatikisa kichwa.

"Mimi nilisema ni malaria," akasema. "Mwaka mzima nilisema ni malaria tu inarudi."

"Mimi nilisema nimerogwa na mke mwenzangu," akasema mwanamke mmoja.

"Mimi nilisema ni vidonda vya tumbo."

"Lakini hii ya figo ya dada," mwenyekiti akasema, akigeukia wenzake, "hii sijawahi kuisikia. Huyu ametushinda."

Wakacheka, nami nikajikuta nacheka, ingawa mshono uliniuma. Nikainua shati nikawaonyesha kovu. Waliliangalia kwa heshima. Walikubali kwamba figo nimewekewa. Ila mwenyekiti alisema mtu anaweza kuwa na hili na lile, na kwamba kukataa ni hatua, itapita.

Nilimuuliza daktari kama naweza kukaa na watu hao. Akasema ikiwa ni nje, penye hewa, nimevaa barakoa na hakuna anayekohoa karibu yangu, hakuna ubaya. Basi nikaanza kwenda kwenye mikutano yao, chini ya bati lisilo na kuta nyuma ya soko. Nilikwenda kwanza kwa sababu ya upweke. Kambu nzima ilikuwa imenihama na wao ndio watu pekee walioniita kwa jina. Baadaye nilikwenda kwa sababu ya dawa. Hakuna mtu mwingine niliyemjua aliyemeza vidonge kila siku kwa saa ileile. Walinifundisha jinsi ya kumeza dawa katikati ya mazishi bila kutazamwa, na jinsi ya kuhifadhi vidonge visiharibike kwa joto la kwetu, ndani ya kopo lililofukiwa kwenye gunia la mahindi. Mimi nilikuwa na dawa nyingi kuliko wote na sikuwahi kukosa hata moja. Mwenyekiti alianza kunitolea mfano kwa wageni. "Mwangalieni huyu," angesema. "Bado anakataa, lakini anameza."

Habari zikapanda milima hadi Mbooni. Sijui zilipandaje, lakini zilipofika kule zilikuwa zimekamilika: shemasi ana virusi, na ndiye aliyempa ndugu yake. Wazee wa kanisa wakamwita dada kwa mazungumzo. Walimuuliza kwa heshima sana kama kuna jambo angependa kuwaambia. Dada akawaambia ndiyo, kwamba anakwenda Kambu kuniua.

Aliteremka kwa boda boda, kisha kwa gari, akafika siku ya mkutano. Mke wangu, ambaye hakuwa amesema nami vizuri kwa wiki kadhaa, alimwelekeza kwa furaha. Nilimwona akija kwa miguu kutoka sokoni, kiondo begani, kitambaa cha kanisa kichwani, na nikajua nimekwisha.

"Mwana wa mama," akaniambia akiwa bado yuko juani, "umewaambia hawa watu nini?"

Mwenyekiti akainuka. "Karibu mwaitu, karibu mama. Wewe ndiye dada?"

"Ndimi."

"Yule wa figo?"

Dada akasimama katikati yetu. Kumbe alikuwa ametayarisha hotuba njia nzima, akaitoa yote. Alisema yeye ni mtu aliyeokoka. Alisema alikuwa na mume mmoja na amemzika. Akasema ni kweli, virusi ni vyake, hawezi kudanganya, hospitali walivipata kwake, alivipata akiwa mtoto mdogo asiyejua kitu, vimelala ndani yake maisha yake yote, na alimpa ndugu yake bila kukusudia kwa sababu alimpenda.

Kisha yule mzee wa malaria akaanza kupiga makofi, na wote wakafuata. Mwanamke mmoja alikuwa analia. Mwenyekiti akamkumbatia dada yangu akamwambia kwamba tangu kikundi kianze hakuna aliyewahi kusimama siku ya kwanza na kusema wazi hivyo, tena mtu wa kanisa, tena mwenye umri wake.

"Si hivyo vyenu," dada akasema akiwa amebanwa kwenye kifua cha mwenyekiti. "Ni vingine."

"Ndiyo mwaitu. Ni vingine."

"Nilipimwa hivyo vyenu. Sina."

"Ndiyo. Kaa chini. Mleteeni chai."

Dada akanitazama. Sijawahi kumwona dada yangu akishindwa na mtu, na mimi sikuwa na la kumsaidia, kwa kuwa nilikuwa nimeshindwa na watu haohao kabla yake. Alikaa. Akapewa chai yenye maziwa mengi na mandazi mawili. Alipokuwa anakunywa, mwanamke aliyekuwa analia alimsogelea akaanza kumsimulia habari zake, jinsi mama mkwe alivyomtengea sahani na kikombe, jinsi watoto walivyokatazwa kulala kwake. Dada alisikiliza. Kikombe kikapoa mkononi mwake. Mwisho wa mkutano mwenyekiti akamuuliza kama anaweza kutuombea, na dada, ambaye hakuna siku aliyokataa kuomba, akasimama.

Aliomba kwa muda mrefu. Aliwaombea wote, akaombea mbuzi wa Ikutha wapate bei, akaombea mvua. Kwa virusi alisema hivi: "Na kile kilicholala, Bwana, kiendelee kulala." Wote wakaitikia amina kwa nguvu.

Usiku ule alilala kwangu. Asubuhi, kabla ya kuondoka, aliniambia wale ni watu wazuri na kwamba mimi ni mjinga. Sikumpinga katika lolote.

Miezi sita ikaisha, daktari akanisimamishia vidonge vya waridi. Alinionya kwamba sasa virusi vinaweza kujaribu kuamka, kwa hiyo nikiona homa au kuhara nisingoje. Nilimwambia nimesikia. Wiki kadhaa baadaye homa ikaja, pamoja na tumbo, na uchovu ulionirudisha kwenye siku za mashine. Nikangoja. Nilisema ni nyama ya jana. Mke wangu aliponishika paji la uso akampigia simu dada, na dada hakuuliza maswali.

"Kimeamka," akasema. "Mpeleke."

Nikasema labda ni malaria. Mke wangu akasema hilo limeshasemwa na mtu mwingine na halikumfaa. Akatafuta gari. Mwenyekiti wa kikundi, aliyesikia kwamba nimezidiwa, akapanda nasi bila kuulizwa akiwa bado na kamba ya mbuzi mkononi.

Hospitalini walipima damu, wakakuta virusi vya dada vimejaa. Daktari hakunigombeza. Alipunguza zile dawa za kuutuliza mwili ili walinzi wangu waamke kidogo, si sana, wasije wakaigeukia figo, akaniwekea dawa ya virusi kwa mshipa. Baadaye akaja kusema kwamba hiyo dawa nayo imeteremsha chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo walinzi wenyewe. Nilimuuliza kama nimeelewa vizuri: dawa ya kuulinda mwili usio na walinzi inapunguza walinzi. Akasema ndiyo, nimeelewa vizuri, na ndiyo maana wanapima damu kila mara.

Wakaniweka chumba cha peke yangu. Dada alifika kutoka Mbooni, wakamvalisha barakoa, wakamwambia asikae kitandani kwangu. Alisimama mlangoni.

"Nisamehe," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa huyo mdudu wangu."

"Dada, umenipa figo."

"Nimekupa figo yenye mgeni ndani. Mtu hapeleki mgeni kwa nyumba ya ndugu yake bila kumwambia."

"Daktari aliniambia. Tulikuwa benchi moja."

"Aliambia sisi. Mimi nilikataza wewe usiseme." Akajipangusa macho kwa ncha ya kitambaa. "Nilikuwa na haya. Umri huu wote, na haya ya kitu nilichokipata nikiwa na kinyesi kwa miguu."

Nilimwambia bila figo yake ningekuwa nimezikwa nikiwa msafi kabisa. Aliguna, na kuguna kwake ni kucheka.

Nilipona polepole. Figo ilitikisika kidogo, kisha ikasimama imara. Vidonge vya waridi vikarudi kwa muda mwingine, na mwisho wake damu ilionyesha virusi vimelala tena, safari hii ndani yangu.

Kule nje ya chumba, mwenyekiti wa mbuzi alikuwa amemsikia daktari akimweleza mke wangu kila kitu. Aliuliza maswali mwenyewe, akajibiwa. Akarudi Kambu na kuwaambia wenzake kwamba ni kweli, ni figo, ni virusi vingine, na yule mtu hakuwa anakataa. Nilipotoka hospitali nikaitwa kwenye mkutano. Walikuwa na huzuni kidogo, kama watu waliopotelewa. Ajenda ilikuwa moja: kama mimi na dada yangu tuna haki ya kubaki.

Yule mzee wa malaria alisema kikundi ni cha wanaoishi na virusi, na walipokianzisha hakuna aliyesema virusi gani. Mwingine akasema wakifungua mlango hivyo, kesho atakuja mwenye mafua. Walijadiliana hadi jua likazunguka nguzo. Dada alikuwa amekuja, na yeye hakuomba kitu. Alikaa na kiondo chake cha maparachichi ya Mbooni aliyoyaleta, na nadhani maparachichi yalisaidia. Wakapiga kura ya mikono. Tukabaki.

Mke wangu, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa amekubali kukaa chini ya lile bati, akainua mkono akasema basi naye aandikwe. Mwenyekiti akamuuliza ana virusi gani. Mke wangu akasema hana, amepimwa, kila mtu kisimani anajua. Mwenyekiti akamwambia kwa masikitiko kwamba kama hana, hana sifa.

Sijawahi kumwona mke wangu akiudhika hivyo, hata siku ya mtungi mtupu. Alisimama akawakumbusha kwamba daktari alisema vile virusi vya dada wanavyo watu wazima wengi, na hawajui. Huenda anavyo yeye. Huenda wanavyo wote pale, na mchungaji, na madereva, na Kambu nzima.

Mwenyekiti akaitazama barabara na trela zilizokuwa zimepanga foleni.

"Basi waje," akasema. "Lakini kila mtu aje na kiti chake."